Nyayo za Mzee Usumani

Siku ya kwanza ya kujifunza kutoa damu, darasa zima la mwaka wa pili katika Chuo cha Mtakatifu Verediana lilijikuta limebanwa na haja ndogo kwa wakati mmoja. Wasiobanwa wakakumbuka madaftari waliyoyasahau bwenini. Gwiza peke yake ndiye aliyekunja mkono wa sare yake, akaulaza mezani na kugeuza uso dirishani, ambako mapaa ya wizara za Kacyiru, hapa Kigali, yalikuwa yanang'aa kwa jua la saa nne. Akabaki hivyo mpaka adhuhuri, akichomwa.

Aliyemtesa zaidi alikuwa Conrad, kijana mwenye vidole vinene na hofu nyingi. Alimchoma mara nne bila kuupata mshipa, na kila mara akaomba radhi kwa Kinyarwanda, kwa Kiswahili na kwa jina la Yesu.

"Sha Gwiza, wewe hausikie kitu?" aliuliza.

"Nasikia."

"Mbona haulalamike sasa?"

"Choma tu. Tutachelewa chakula."

Tangu siku hiyo akawa mkono wa darasa. Aliyetaka kujaribu sindano alimtafuta yeye, na wenzake wakamsifu kwa ujasiri wake. Tuseme ukweli, haukuwa ujasiri hata chembe. Jasiri huumia akajikaza. Gwiza aliisikia sindano kama mtu anavyoisikia redio ya jirani: alijua kuna kinachosemwa, hakujua ni nini, wala hakuwa na hamu ya kujua.

Hakuzaliwa hivyo. Aliyemfahamu alipoingia chuoni angekuambia kwamba msichana yule alikuwa na mdomo kama cherehani. Alikuja na maneno yake ya Karagwe, Tanzania, alikokulia kabla wazazi wake hawajarudi Rwanda na kufungua duka dogo Kabeza, karibu na barabara ya uwanja wa ndege. Baba yake, Munyaneza, alisimamia mizani. Mama yake, Mukunde, alisimamia watu. Alijua ni mteja gani amegombana na mumewe kwa kuangalia tu namna anavyoomba chumvi. Gwiza alipojifunza kupima presha, akiwa mwaka wa kwanza, alipanda basi kwenda nyumbani na kile kifaa cha chuo, akawapima wateja, majirani na hata mlinzi wa duka la dawa la mtaa wa pili. Mama yake alikuwa na shughuli nyingi. "Nipime Jumapili," alisema, "nikiwa nimekaa." Jumamosi, tarehe kumi na saba Agosti, alianguka nyuma ya kaunta akiwa na kijiko cha sukari mkononi, na Jumapili walikuwa wanatafuta jeneza.

Msiba ulikaa wiki nzima, kama ilivyo desturi. Watu walijaa uani, wakaimba, wakamwambia Gwiza "ihangane", yaani vumilia, mpaka neno likaisha ladha. Yeye alipanga viti, akahesabu vikombe, akamwelekeza kila mgeni choo kilipo. Shangazi zake walikuwa wanamvizia kwa vitambaa mkononi, wakisubiri alie wamshike, na alipokosa kulia wakaanza kutazamana. Siku ya nane alifagia ua, akarudi chuoni, akafanya mtihani wa mifupa na kuongoza darasa. Huo ndio ubaya wa ganzi ya namna hii: haikuangushi. Unaamka, unapiga mswaki, unafaulu.

Sasa lazima nikueleze kuhusu ile kadi, maana bila kadi hakuna kisa.

Chuo cha Mtakatifu Verediana ni cha masista, na kinafundisha wasaidizi wa tabibu: watu wa kupima, kufunga vidonda, kuchoma sindano, kuandika kwenye daftari na kumwita daktari kabla mambo hayajaharibika. Masomo ni yale yale ya vyuo vingine. Tofauti ni jambo moja. Sista aliyekianzisha, Mbelgiji mmoja mfupi ambaye picha yake ya ukutani bado inawatisha wanafunzi, aliamini kwamba kasuku naye akifundishwa vizuri atafaulu mtihani. Kwa hiyo akaweka sheria. Katika miezi mitatu ya mwisho kila mwanafunzi anapewa mgonjwa mmoja wa kumtembelea nyumbani kwake, mara mbili kwa wiki. Mwishoni mgonjwa anapewa kadi yenye swali moja, limeandikwa kwa Kinyarwanda, Kiswahili na Kifaransa: *Je, ungependa huyu arudi?* Chini yake kuna visanduku viwili, Ndiyo na Hapana, na mistari michache kwa anayetaka kuongeza neno. Mgonjwa anaifunga mwenyewe kwenye bahasha. Bahasha zinafunguliwa asubuhi ya siku ya kiapo, wazazi wakiwa wameshafika na nguo zao za sikukuu. Mwenye Ndiyo anaingia kanisani kula kiapo. Mwenye Hapana anapewa mgonjwa mwingine kwa miezi mitatu, na akipata Hapana ya pili anafunga sanduku lake.

Ni desturi katili kidogo, mimi sitaitetea. Lakini wagonjwa wa Kigali ni watu wenye haya, na kwa miaka yote hiyo Hapana zilizopatikana zingehesabika kwa vidole.

Sista Gahongayire, aliyekuwa mkuu wa mafunzo, alimwita Gwiza ofisini mwanzoni mwa Julai. Alikuwa mwanamke mrefu, mkavu, aliyesomea Bujumbura zamani, na alipofikiri alipenda kugonga meza kwa kalamu.

"Mikono yako ni ya kwanza darasani," alisema. "Mikono, nasema. Wagonjwa wa zahanati wananiambia, yule binti anafunga kidonda vizuri sana, lakini ni kama anafunga mzigo. Habari zako zikoje, binti yangu, ma fille?"

"Niko salama, Sista."

"Salama."

"Ndiyo, Sista."

Kalamu ikagonga meza mara tatu. "Bon. Nakupa Mzee Usumani. Yeye si mtu wa haya. Akikuchukia atasema, na akikupenda atasema. Ukipata Ndiyo kwake, hata mimi nitakuamini."

Gwiza alipokea karatasi ya anwani. Alijua kilichokuwa kwenye mizani: miaka miwili ya masomo, kiapo, na baba yake huko Kabeza, ambaye alikuwa ameshamtangazia kila mnunua sabuni kwamba Oktoba binti yake atakuwa mtu wa afya. Alilijua hilo kama unavyojua mji mkuu wa nchi ya mbali.

Mzee Usumani alikuwa fundi cherehani wa Biryogo, mjane wa miaka sabini na moja. Babu yake alikuja kutoka pwani akifuata biashara, akaoa hapa, akasahau kurudi. Watoto wake walikuwa wametawanyika, mmoja Rubavu, wengine Kampala, na yeye alibaki na chumba chenye cherehani ya kukanyaga, mkeka, na kanzu za watu zikining'inia ukutani zikisubiri vifungo. Kisukari alikuwa nacho mwaka wa kumi na tisa.

"Masista wamenitumia mutu wa kulia ao mutu wa kucheka?" alimuuliza Gwiza siku ya kwanza, mlangoni.

"Mutu wa kupima, Muzehe."

"Haya. Ingia upime."

Kazi yenyewe ilikuwa rahisi. Kupima sukari, kupima presha, kisha miguu. Mtu wa kisukari cha miaka mingi hupoteza hisia nyayoni bila kujua, akakanyaga kaa la moto akadhani ni sakafu. Ndiyo maana kuna kipimo cha uzi wa nailoni uliofungwa kwenye kijiti. Mgonjwa anafumba macho. Wewe unagusa wayo sehemu kumi, moja moja. Kila akisikia, anasema. Kisha unaandika.

"Hapo," alisema Mzee Usumani, macho amefumba. "Hapo. Hapo. Hapo."

Kumi kwa kumi. Gwiza akaandika. Miguu yenyewe ilikuwa safi kuliko ya wanafunzi wengi ninaowajua, maana mzee aliiosha kwa udhu mara tano kwa siku, na hakuna aliyeingia chumbani kwake na viatu.

Basi ikawa hivyo kila Jumanne na Alhamisi. Mzee alikuwa msemaji. Alimweleza kuhusu suruali ya bwana harusi aliyenenepa kati ya kipimo na harusi, kuhusu Waislamu wa zamani wa mtaa ule, kuhusu mkewe aliyeimba vibaya. Gwiza alijibu "yego, Muzehe", ndiyo Mzee, mahali panapofaa, akaendelea kugusa na kuandika. Siku moja mzee alimwambia kwa sauti ya kawaida kabisa kwamba jana alikula gunia zima la sukari, akaongeza na la mchele. Gwiza akasema "yego, Muzehe," akaandika *anaendelea vizuri*. Mzee alimwangalia kwa muda mrefu, kisha akarudi kwenye vifungo vyake. Wiki saba zikapita. Mara kumi na nne, kumi kwa kumi, na mara kumi na nne Sista Gahongayire aliweka saini chini ya ukurasa.

Jumanne ya wiki ya nane Gwiza alikuwa na mtihani. Ilikuwa Alhamisi yake, mwanzoni mwa Septemba, amechelewa kufika kuliko siku zote, simu yake ilipotetemeka mfukoni wakati amepiga magoti mbele ya mkeka. Alijua ni nani. Baba yake alipiga kila Alhamisi saa tisa, duka likiwa tupu, na mazungumzo yao yalikuwa ya sekunde ishirini: "U salama, mwanangu?" "Niko salama. Na wewe, Baba?" "Salama tu." Gwiza akaingiza mkono mfukoni kuizima. Mkono wa pili, wenye kijiti, ulikuwa hewani, mbali na mguu kwa shibiri nzima.

"Hapo," alisema Mzee Usumani.

Gwiza hakusogea.

"Hapo," alisema tena mzee, macho bado yamefumba, baada ya muda ule ule wa kawaida. Akangoja kidogo. "Hapo."

Gwiza alikiangalia kijiti, akauangalia mguu, kisha akamwangalia mzee usoni, na huenda ilikuwa mara ya kwanza. Alikuwa mzee mdogo wa umbo kuliko alivyomdhania, mwenye kovu kwenye nyusi. Midomo yake ilikuwa inahesabu. Alikuwa anajibu mdundo, si mguso. Na Gwiza aliutambua ule mdundo mara moja, kwa sababu ulikuwa wake. Mwaka mzima naye alikuwa akisema "niko salama" kabla swali halijaisha.

Alijua kwamba mahali pale mtu anapaswa kuona aibu. Alingoja aibu ije. Haikuja, na alikuwa na kazi ya kufanya.

Akaanza upya, safari hii bila mpangilio: akagusa, akasubiri, akagusa mara mbili, akasubiri zaidi. Mzee alipotea njia kama mchezaji ngoma aliyebadilishiwa wimbo. Tatu kwa kumi. Gwiza akaunyanyua mguu wa kulia, akaugeuza kuelekea mwanga wa mlangoni. Chini ya kidole gumba, mahali pa kukanyagia, palikuwa na nukta nyeusi ndogo kuliko punje ya ulezi. Ngozi kuizunguka iling'aa, na ilikuwa na joto. Alipobonyeza, maji yenye harufu yalitoka, na kidole chake kikagusa kitu kigumu.

"Muzehe, kuna sindano ndani. Sindano ya cherehani. Imevunjikia humu."

Mzee alifumbua macho, akauvuta mguu, akauinamia.

"Itoe," alisema hatimaye.

"Siwezi kuitoa. Imeingia mbali. Inataka picha kwanza."

"Picha ya nini? Mimi siko bibi harusi."

"Picha ya mufupa, Muzehe. Hospitali."

"Oya." Akatikisa kichwa. "Sikia, mukobwa wangu. Wewe unamujua Ntakirutimana, fundi wa viatu? Aliingia hospitali na kidole, akatoka na goti. Mimi nakula kwa mguu huu. Nani atakanyaga cherehani? Wewe toa hiyo sindano, funga kitambaa, andika kumi kama siku zote. Sisi wawili tumezoea kumi."

"Muzehe..."

"Na kadi nitaijaza mimi," alisema Mzee Usumani. Hakulisema kwa vitisho. Alilisema kama mtu anayebembeleza na hana kingine mkononi. "Mimi nitakuandikia Ndiyo kubwa, Sista aione bila miwani. Lakini ukiandika hiyo tatu, basi usingoje kitu kwangu."

Ingekuwa kisa kingine, ningekuambia hapa moyo wake ulimwenda mbio, akamkumbuka mama yake, akapiga moyo konde. Hakuna lililotokea. Tusimpe sifa asizostahili. Aliona mambo mawili yamelala mbele yake kama nguo mbili kitandani, na hakuna hata moja iliyomvutia. Aliona tu kwamba amechoka kuandika kumi. Akaandika tatu, akaweka tarehe, akatoka nje kumpigia Sista Gahongayire.

Gari la chuo lilikuja baada ya nusu saa. Mzee Usumani alipanda bila kugombana, amevaa kofia yake na kiatu kimoja, na hakumwangalia Gwiza. Usaha ulikuwa umefika kwenye mfupa. Walimkata kidole gumba na kinachofuata, na daktari akasema wiki mbili zaidi na lingekuwa goti kweli.

Aliporudi nyumbani mwishoni mwa Septemba zilibaki ziara tatu, na Gwiza alikwenda zote. Mzee alikaa ameelekea ukutani. Gwiza alisafisha kidonda, akabadilisha kitambaa, akapima, akasema "hapa nitagusa, Muzehe," na mzee hakujibu hata salamu. Cherehani ilikuwa imefunikwa shuka. Kanzu zote zilikuwa zimechukuliwa na wenyewe. Siku ya mwisho Sista Gahongayire mwenyewe alipeleka kadi, akangoja nje.

Gwiza alijua jibu. Alimwambia Conrad wakiwa wanafua sare zao. Conrad akakasirika kwa niaba yake, akamwaga maji.

"Utakatariwa kwa sababu ulisema kweri?" alisema. "Iyo ni dhuruma! Uwaambie!"

"Niwaambie nini?"

"Kwamba ulimuokoa mutu!"

Gwiza akasuuza kola. Hakuona haja ya kubishana. Kama ni Hapana, ilikuwa Hapana ya heshima, ya mtu aliyefanya kazi yake, na alikuwa ameshaikunja na kuiweka mahali pake pamoja na mambo mengine yote. Hata hakumpigia baba yake kumwambia asije.

Jumamosi ya kiapo wazazi walijaa kwenye bustani ya mbele tangu saa mbili. Akina mama walivaa mishanana, zile nguo za sikukuu za kufungwa begani, iliyopigwa pasi, wapiga picha walishaanza kuwasumbua watu. Wanafunzi walipanga mstari nje ya ofisi, na mmoja baada ya mwingine waliingia na kutoka wakikimbia, mikono juu. Conrad alitoka akilia kwa kelele, amepata Ndiyo ya bibi kizee mmoja wa Kimihurura aliyeandika chini kwamba kijana ni mzito lakini anajua kucheka.

Sista Gahongayire alimwonyesha Gwiza kiti. Akafungua bahasha kwa kisu kidogo, akasoma, na badala ya kutamka matokeo kama alivyowafanyia wengine, akaisukuma kadi mezani.

Kisanduku cha Hapana kilikuwa na alama ya vema, imewekwa kwa utulivu, kwa kalamu ya bluu. Chini yake mzee alikuwa amejaza mistari yote, na maandishi yakaendelea pembeni kwa kukosa nafasi. Gwiza akasoma:

*Sista, mimi sikukasirika kwa sababu ya kuandika tatu. Hiyo ilikuwa kazi, na mguu wangu iko hai. Lakini mimi nilimudanganya wiki saba na hakuniona. Mimi siko mwongo mukubwa, mutu yeyote angeniona. Kila siku nilingoja aseme, Muzehe unadanganya. Nilikuwa naogopa peke yangu na yeye alikuwa mbele yangu amepiga magoti. Mukono yake iko muzuri sana. Arudi siku atakuwa na macho.*

Aliisoma mara moja. Akaanza kuisoma mara ya pili, na alipofika kwenye *nilikuwa naogopa peke yangu* kitu kikamkaba kifuani. Alidhani ni ugonjwa. Alifikiria majina ya magonjwa, kwa mpangilio, kama alivyofundishwa. Kisha akaelewa kwamba imemuuma. Hapana aliyoiandaa haikuwa hii. Ile ya mtu aliyeonewa angeweza kuishi nayo hata miaka kumi. Hii ilikuwa kweli tupu, na ilimuuma kama kitu kinachochanwa, na hapakuwa na mahali pa kuiweka.

"Nami niliweka saini mara kumi na nne," alisema Sista Gahongayire polepole. Kalamu yake ilikuwa imelala mezani. "Mgonjwa wa kisukari cha miaka kumi na tisa, kumi kwa kumi, na sikuuliza. Nitakwenda kumwomba radhi kesho, baada ya misa."

"Twende wote," alisema Gwiza, na sauti ikatoka imepasuka.

Sista akamwangalia kwa makini, akaitikia kwa kichwa. "Utaanza tena Jumatatu. Mgonjwa mwingine, miezi mitatu. Sasa nenda, baba yako yupo nje. Mimi siwezi kukusaidia kwa hilo."

Nje kengele ya kanisa ilikuwa inawaita wenzake, na bustani ilianza kubaki tupu. Munyaneza alisimama karibu na ukingo wa maua, amevaa koti lake la harusi za watu, ameshika shada la waridi lililofungwa kwa nailoni. Alipomwona bintiye akatabasamu haraka haraka.

"Mwanangu! Nimekuta foleni ya magari, nikasema nitachelewa. Mbona hujaingia na wenzako?"

"Siapi leo, Baba. Nimepata Hapana."

Tabasamu lilibaki pale pale, halina wa kulishika. "Eh. Basi. Si neno. Si neno, itakuwa mara nyingine. Mimi niko salama, usiwe na wasiwasi na mimi."

Hakuna aliyekuwa amemuuliza. Gwiza alisimama akamwangalia baba yake, kuanzia juu. Aliona kwamba koti lilikuwa linamning'inia mabegani. Shingo ilikuwa imeingia ndani ya kola, na mkanda ulitobolewa tundu jipya, kwa msumari, mbali sana na matundu ya kiwandani. Ndevu alizinyoa upande mmoja vizuri na upande wa pili vibaya, kama mtu anayejinyoa bila kuwasha taa. Mwaka na miezi miwili alikuwa akimwona mtu huyu kila mwisho wa mwezi, akala naye mezani, akaosha sahani.

"Baba," alisema, "u hali gani?"

"Salama tu, mwa..."

"Usinijibu haraka."

Munyaneza akafunga mdomo. Akaangalia waridi zake, akaangalia lango, akatafuta pa kushikia na hakupaona.

"Silali," alisema mwishowe, kwa sauti ndogo. "Sijalala vizuri tangu tumzike. Nafunga duka, nakaa kwenye kiti chake mpaka kunakucha. Nilikuwa nakupigia nikwambie, nikikusikia u mzima nasema, basi, nisimharibie mtoto masomo."

Gwiza akamshika mkono, wakakaa chini pale pale ukingoni mwa maua ya masista, koti la harusi na sare nyeupe juu ya udongo. Ndani ya kanisa wenzake walianza kuimba. Yeye alikuwa analia kwa sauti, bila haya, kama mtu aliyefika msibani akiwa amechelewa na kukuta viti vimeshaondolewa.